Wasanii waliowaacha nyuma wanafalsafa wa Mwangaza

Mwezi Septemba mwaka 1776, mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Shehena hiyo ya binadamu ilikusudiwa mashamba ya Île de France, kisiwa ambacho leo kinaitwa Morisi. Huko Paris, ilikuwa imepita miaka minne tu tangu kukamilika kwa Encyclopédie, kamusi elezo kubwa iliyotungwa kwa imani kwamba akili ya binadamu, ikipewa uhuru, itaufukuza ujinga na uonevu.

Mkataba ule na vitabu vile vilizaliwa katika taifa moja na kizazi kimoja. Ndiyo maana mjadala kuhusu Zama za Mwangaza huwagawa wasomi wa Afrika pande mbili. Wapo wanaouona Mwangaza kuwa chimbuko la haki za binadamu, sayansi na demokrasia, kwa hiyo hawataki useme neno baya juu yake. Na wapo wanaosema ulikuwa unafiki mtupu wa watu waliohubiri uhuru huku wakikoroga sukari ya watumwa katika kahawa yao. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande hukosea palepale: huwasikiliza wanafalsafa peke yao.

Watu wengi wa Ulaya ya karne ya 18 hawakuwahi kusoma kitabu cha falsafa. Fikra za Mwangaza ziliwafikia kupitia picha zilizochapwa, maonyesho ya wachoraji, majukwaa ya tamthilia na nyimbo za opera. Anayezichunguza kazi hizo hugundua jambo ambalo vitabu vya historia hulipita haraka. Mara nyingi msanii alilichukua wazo la mwanafalsafa akalifikisha mahali ambapo mwanafalsafa mwenyewe hakuthubutu kukanyaga. Kwa hiyo anayetaka kuupima Mwangaza kwa haki aanze na sanaa yake.

Fikra zenyewe si ngumu kuzieleza. John Locke wa Uingereza alikuwa amedai kwamba serikali hupata uhalali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Isaac Newton alikuwa ameonyesha kwamba mwezi ulioko angani na jiwe linaloanguka hapa duniani hufuata kanuni ileile. Voltaire akazipigia debe fikra hizo Ufaransa. Mwaka 1784 Immanuel Kant, profesa wa Königsberg, alijibu swali lililoulizwa katika jarida moja la Berlin kwa kusema kwamba Mwangaza ni binadamu kuacha kufikiriwa na wengine na kuthubutu kutumia akili yake mwenyewe. Tangu hapo padri, mfalme na mila, wote walitakiwa kutoa sababu.

Encyclopédie ndiyo iliyozikusanya fikra hizo chini ya paa moja. Mhariri wake mkuu, Denis Diderot, alikuwa mtoto wa mfua visu wa mji mdogo wa Langres, na asili hiyo inaonekana katika kazi yake. Kati ya mwaka 1751 na 1772 zilitoka juzuu 17 za maandishi na 11 za picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba. Ukizifungua hizo za picha, unakutana na mwoka mikate, mfumaji wa mazulia, mpiga chapa na mtengenezaji wa pini. Mara nyingi sehemu ya juu ya ukurasa huonyesha karakana yenye madirisha mapana, na kila fundi yuko kwenye kazi yake. Sehemu ya chini zimepangwa zana zao, mkasi, nyundo, patasi, gurudumu, kila kimoja kimechorwa peke yake na kupewa namba, na maelezo yake yanafuata kando.

Leo picha kama hizo zinaonekana za kawaida. Wakati ule zilibeba siasa nzito. Katika Ufaransa ya wafalme, mwinyi aliyefanya kazi ya mikono aliweza kupoteza hadhi yake, na fundi alihesabiwa mtu wa chini hata kama mji mzima ulimtegemea. Wachora picha wa Diderot walimwingiza fundi huyo katika kitabu kilekile kilichojadili Mungu, sheria na nyota. Hakuna hotuba juu ya usawa wa binadamu ambayo ingeweza kulisema jambo hilo kwa uwazi zaidi.

Watawala walilielewa. Diderot alikwisha kutiwa gerezani Vincennes mwaka 1749 kwa sababu ya maandishi yake. Mwaka 1759 serikali iliifutia Encyclopédie kibali, na Papa naye akailaani. Kuna kisa kimoja kinachoeleza vizuri hali ya wakati huo. Malesherbes, ofisa wa mfalme aliyesimamia biashara ya vitabu, alipewa amri ya kuikamata miswada ya Diderot. Akaificha nyumbani kwake mwenyewe. Pigo kali zaidi lilitoka kwa rafiki. Mpiga chapa André Le Breton, akiogopa kufungwa, alikata kwa siri sehemu kali za makala nyingi. Diderot alikuja kugundua mwaka 1764, maji yamekwisha kumwagika.

Hata hivyo, picha nazo zina macho yanayochagua pa kutazama. Juzuu hizohizo zina kurasa zinazoonyesha uzalishaji wa sukari, pamba na nili katika makoloni. Vinu vimechorwa kwa ustadi, majengo yamepangika na wafanyakazi weusi wamo kazini kwa utulivu. Mateso hayaonekani. Msomaji wa Paris alifundishwa jinsi miwa inavyosagwa bila kuonyeshwa jinsi msagaji alivyofikishwa pale. Katika upande wa maandishi, Louis de Jaucourt, mwandishi wa maelfu ya makala za Encyclopédie, aliilaani biashara ya utumwa waziwazi kuwa inakiuka dini, maadili na haki za asili za binadamu. Hapo kalamu iliishinda picha, na ni haki kukiri hivyo.

Paris ilikuwa pia na maonyesho ya Salon, yaliyofanyika katika jumba la Louvre, na kuanzia katikati ya karne hiyo yalifanyika kila baada ya miaka miwili. Hakukuwa na kiingilio. Mama muuza sokoni aliweza kusimama kando ya mke wa mwinyi, wote wakiitazama picha moja na kila mmoja akitoa maoni yake. Diderot alianza kuyaandikia uhakiki mwaka 1759, kwa ajili ya jarida la siri lililonakiliwa kwa mkono na kupelekwa kwa wateja wachache wa majumba ya kifalme ya Ulaya. Alimsuta François Boucher, kipenzi cha ikulu, kwa mapambo yake yasiyo na ukweli. Akamsifu Jean Siméon Chardin, mchoraji wa sufuria za shaba, mikate na watoto wachezao. Uhakiki wa sanaa kama unavyoandikwa magazetini hadi leo unadaiwa mengi na kurasa hizo.

Uingereza, mchoraji Joseph Wright wa mji wa Derby alikwenda mbali zaidi. Picha yake ya mwaka 1768, iliyopo National Gallery mjini London, inaonyesha jaribio la kisayansi sebuleni usiku. Mwanasayansi mwenye nywele ndefu amemweka kasuku mweupe ndani ya chombo cha kioo na ananyonya hewa kwa pampu. Ndege amelegea. Mkono wa mwanasayansi uko kwenye vali ya juu. Akiifungua, ndege ataishi. Msichana mmoja amefunika uso asione. Mdogo wake anatazama kwa hofu. Kijana na binti upande wa kushoto wanatazamana wenyewe kwa wenyewe, jaribio haliwahusu. Mzee amekaa akitafakari, na mwanga wote unatoka kwenye mshumaa mmoja uliofichika nyuma ya glasi mezani.

Mwenye macho haambiwi tazama. Wanafalsafa wengi wa wakati wa Wright waliisifia sayansi kama mkombozi. Yeye aliichora kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo vitabu vyao vililikwepa: maarifa haya yanapatikana kwa gharama ya nani, na nani amepewa mamlaka ya kufungua au kutofungua vali? Mwanasayansi wa picha hiyo hamtazami ndege. Anamtazama mtu anayeitazama picha.

Jukwaani mambo yalikuwa moto zaidi. Pierre-Augustin Caron de Beaumarchais, mtoto wa fundi saa, aliandika tamthilia kuhusu Figaro, mtumishi ambaye bwana wake anamtamani mchumba wake. Mfalme Louis XVI aliizuia. Ilipata kuonyeshwa hadharani mjini Paris tarehe 27 Aprili 1784, na umati uliojitokeza ulikuwa mkubwa ajabu, waheshimiwa waliokuwa wakikejeliwa nao wakiwamo. Figaro anathubutu kusema kwamba bwana wake hakufanya lolote kustahili cheo zaidi ya kuzaliwa.

Miaka miwili baadaye, Wolfgang Amadeus Mozart aliigeuza tamthilia hiyo kuwa opera mjini Vienna. Mtunzi wa maneno, Lorenzo Da Ponte, aliyaondoa maneno makali ya kisiasa ili kibali kipatikane. Lakini Mozart aliyarudisha kupitia muziki. Mtumishi na bwana, kijakazi na bibi yake, wanaimba pamoja, na sauti ya mtumishi haipewi nafasi ndogo kuliko ya mwinyi. Mwishoni bwana mkubwa anaomba radhi kwa mkewe mbele ya watumishi wake. Mkaguzi wa maandishi aliweza kufuta sentensi. Noti za muziki hakujua azifanye nini.

Salon ya mwaka 1785 nayo inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu picha mbili zilizotundikwa humo zinajibizana. Ya kwanza ni kiapo cha ndugu watatu wa ukoo wa Horatius, ya Jacques-Louis David, iliyogeuka nembo ya uzalendo. Wanaume wamenyoosha mikono kuzielekea panga zilizoshikwa na baba yao, miili imekakamaa. Pembeni wanawake wameinama na kulegea kwa majonzi. Taifa ni la wanaume. Machozi ni ya wanawake. Huo ulikuwa msimamo wa wanafalsafa wengi, akiwamo Jean-Jacques Rousseau, aliyeandika katika Émile mwaka 1762 kwamba elimu ya mwanamke ilenge kumpendeza na kumfaa mwanamume.

Picha ya pili ni ya Adélaïde Labille-Guiard. Amejichora mwenyewe kwa ukubwa kamili, amevaa gauni la hariri, ameshika brashi na kibao cha rangi, na nyuma ya kiti chake wamesimama wanafunzi wake wawili wa kike. Chuo cha kifalme cha sanaa wakati huo hakikuruhusu wanawake zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Labille-Guiard hakuandika risala ya kulalamika. Aliuonyesha umma wa Paris kwamba wanne hawatoshi, na kwamba wengine wako njiani. Yeyote anayesoma Rousseau darasani anastahili kuonyeshwa picha hiyo siku hiyohiyo.

Hapo tunafika kwenye doa kubwa kuliko yote. David Hume, mmoja wa wanafikra wakali zaidi wa Uskoti, aliongeza tanbihi kwenye insha yake akisema anashuku kwamba watu weusi ni duni kwa maumbile. Kant, yuleyule aliyewataka watu wathubutu kufikiri, aliirudia kauli hiyo kwa kuikubali katika kitabu chake cha mwaka 1764. Watetezi wao husema walikuwa watoto wa zama zao na hawakuwa na ushahidi mwingine.

Ushahidi ulikuwepo, tena mlangoni. Anton Wilhelm Amo alizaliwa mnamo mwaka 1703 karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto na kutolewa zawadi kwa mtawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Halle, ambako mwaka 1729 alitetea hoja kuhusu haki za Waafrika waishio Ulaya. Mwaka 1734 alichapisha mjini Wittenberg tasnifu kwa Kilatini kuhusu akili na mwili, kisha akafundisha Halle na Jena kabla ya kurudi Afrika. Kant alipoandika maneno yake, kazi za Amo zilikuwa zimechapwa Ujerumani kwa takriban miaka 30. Na Mskoti mwenzake Hume, James Beattie, alimpinga hadharani mwaka 1770. Kilichokosekana ni utayari wa kuupokea ushahidi. Berlin yenyewe ilingoja hadi Agosti 2025 ndipo ikaipa jina la Amo barabara ambayo kwa karne tatu ilibeba jina la dharau kwa watu weusi.

Ambapo wanafalsafa walishindwa, mchoraji alijaribu. Tarehe 3 Februari 1794, wajumbe watatu kutoka koloni la Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti, waliingia katika bunge la mapinduzi la Ufaransa. Mmoja wao, Jean-Baptiste Belley, anaaminika kuzaliwa kisiwa cha Gorée, Senegal. Alikuwa mtumwa aliyejinunulia uhuru wake. Kesho yake bunge lilipitisha azimio la kuufuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa.

Mwaka 1797 Anne-Louis Girodet, mwanafunzi wa David, alimchora Belley, na picha hiyo ipo Versailles. Belley amesimama kwa ukubwa wake, koti la mbunge mwilini, mshipi wa rangi tatu za taifa kiunoni, herini sikioni, mvi zimeanza kuingia kichwani. Nyuma yake yanaonekana mandhari ya kisiwa. Kiwiko chake kimeegemea nguzo fupi iliyobeba sanamu ya marumaru nyeupe ya kichwa cha Guillaume-Thomas Raynal, mwanafalsafa aliyeshutumu utumwa katika kitabu maarufu kuhusu makoloni ambacho Diderot alikichangia kwa siri. Raynal alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Wahakiki wanabishana hadi leo: je, mtu mweusi anamtegemea mwanafalsafa mweupe, au amemaliza naye? Kitu kimoja hakina ubishi. Aliye hai katika picha hiyo ni Belley, na macho yake hayamwelekei Raynal.

Ahadi ile haikudumu. Mwaka 1802 Napoleon Bonaparte aliurudisha utumwa. Belley alikamatwa, akafungwa kisiwani Belle-Île na kufia huko mwaka 1805. Wananchi wa Haiti walikuwa wamekwisha kujitangazia uhuru wao tarehe 1 Januari 1804, wakiwa wamelishinda jeshi la Napoleon.

Hispania, Francisco Goya alikuwa akiyatazama hayo yote. Marafiki zake walikuwa wanamageuzi waliosoma vitabu vya Ufaransa. Mwaka 1799 alichapisha michoro 80 ya kuwakejeli mapadri, waganga, walimu na waheshimiwa wa nchi yake. Mchoro wa 43 unaonyesha mtu aliyelala juu ya meza yake ya kazi huku bundi na popo wakimzonga, kwa maana kwamba akili ikisinzia, majinamizi huzaliwa. Goya aliacha kuiuza michoro hiyo baada ya muda mfupi, na baadaye akamkabidhi mfalme mabamba yake. Kisha mwaka 1808 majeshi ya Napoleon yakaingia Hispania kwa madai ya kuleta sheria mpya na maendeleo. Katika picha yake ya mwaka 1814, iliyoko Prado, askari wa Kifaransa wanawapiga risasi raia wa Madrid usiku. Mtu mwenye shati jeupe ameinua mikono. Askari hawana nyuso. Katikati, chini, kuna taa kubwa, na taa hiyo inawasaidia wauaji kulenga. Katika karne iliyojiita ya mwanga, hakuna mwanafalsafa aliyeandika hukumu nzito kama hiyo.

Sanaa ya Mwangaza, basi, ndiyo iliyozichukua hoja za wanafalsafa kwa uzito kuliko walivyozichukua wao. Kama akili ni ya wote, alisema mchora fundi, basi na mwoka mikate anayo. Mozart akaongeza mtumishi, Labille-Guiard akaongeza mwanamke, Girodet akaongeza Mwafrika, na Goya akauliza kama mwenye bunduki naye ameelimika. Kuutupa Mwangaza kwa sababu ya Kant na Hume ni kuwatupa pia watu hao. Kuuabudu bila kuwataja ni kuukubali ukiwa nusu.

Kazi karibu zote zilizotajwa hapa zinaweza kutazamwa bure kwenye tovuti za makumbusho zinazozihifadhi, hata kwa simu ya mkononi. Mwalimu wa historia wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kungoja kitabu kipya cha kiada ili azitumie darasani. Wafasiri wa Kiswahili nao wangefanya kazi ya maana wakianza na tasnifu ya Amo. Mwanafunzi akishamsoma Amo na kumwona Belley, mpelekeni kwa Kant. Atakuwa na maswali ya kumuuliza.